Pilipili Tumboni mwa Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, na msinikatize.

Basi, hapo kale palikuwa na mama mmoja, Mbodze, muuza pilipili, mwepesi wa hasira. Siku moja anarudi kutoka sokoni na kikapu chake, zimwi hilo! Likammeza na kikapu chake, bila kutafuna. Kisha, likijigamba kwamba sasa ni zamu ya mtoto, likashika njia ya nyumbani kwa Mbodze, alikomwacha mwanawe mchanga, Kadzo, amelala.

Tumboni Mbodze akakuta watu wawili waliomezwa asubuhi: Nzai mkata kuni na Bibi Dama.

"Karibu," akasema Nzai. "Mkeka hatuna."

"Potelea mbali na mkeka wako! Mwanangu ataliwa!"

Akaupiga ukuta ngumi. Pale alipopiga, mwanga ukakimbia, chwi! Mbodze akaduwaa. Ukuta mzima ulikuwa viumbe wadogo, wana matawi kama mizizi upande mmoja, na mkia mrefu upande wa pili. Mkia wa huyu ulikaribia matawi ya yule, lakini haukumgusa. Kati yao palikuwa na mwanya mwembamba kuliko unywele.

Mwanga ulipofika ncha ya mkia, ukamwaga punje ndogo kuliko ulezi. Jirani akazidaka ng'ambo. Kimya.

"Mbona hawaki?" akauliza Mbodze.

"Hazijamtosha," akasema Bibi Dama. "Nimewatazama tangu asubuhi, mwanangu. Zikimtosha, anawaka mzima, anampasia mwenzake, mpaka kichwani kwa zimwi. Zisipomtosha, hawaki hata chembe. Na punje zinafagiliwa upesi, hazingoji."

Mbodze akatazama tena. Mikia mitatu ilimwelekea jirani mmoja. Kila mtu akachagua mmoja.

Nzai akafinya mkia wake. Kimya.

Bibi Dama akafinya wake. Kimya.

Mbodze akaupaka wake pilipili. Kimya.

Nje, zimwi likacheka: "Nasikia harufu ya mtoto!"

"Ala!" Mbodze akafoka. "Kila mtu na saa yake, ndiyo maana tunaozea humu! Shikeni pilipili. Nzai, acha kunikodolea macho. Kwa pamoja!"

"Moja," akasema Bibi Dama. "Mbili. Tatu!"

Wakapaka kwa pamoja. Punje zikamwagika mwanyani kama mvua. Jirani akadaka, akadaka, akadaka, akawaka! Akampasia mwenzake, naye mwenzake, mwanya baada ya mwanya, mwanga ukipanda mgongo wa zimwi hadi juu kabisa. Hata kope hujapepesa.

"Mamaa! Tumbo langu!" zimwi likalia.

Likatapika. Wakaanguka wote watatu mlangoni kwa Mbodze. Zimwi likakimbilia mtoni kunywa maji, likapotelea huko.

Mbodze akaingia ndani mbio. Kadzo alikuwa macho. Akakishika kidole cha mamaye, akakibana.

Mbodze akausikia ule mbano. Akakitazama kidole, kisha mkono wake wote. Kutoka kidoleni hadi moyoni mwake, ni mikia mingapi hiyo, ni mianya mingapi?

"Kumbe nanyi mmo humu mwilini mwangu," akawanong'oneza wale viumbe wadogo. "Ahsanteni."

Hadithi yangu imeishia hapo, kidoleni mwa mtoto. Nami nasema wazi, sizunguki: jirani si lazima akuguse ndipo akusikie, lakini sauti ya mmoja huishia mwanyani. Semeni pamoja, mpate kuuvuka.