Kichuguu cha Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, mbuga ilipokuwa haijakatwa na barabara hata moja, wanyama walikuwa na nyumba zao na majirani zao kama sisi. Na walikuwa na sheria moja iliyoogopwa na wote, hata wenye pembe: aliyesema amesema. Basi!

Huko aliishi Bi Nguchiro, mjane mdogo wa umbo, mwenye mkia mrefu na macho yasiyotulia. Nyumba yake ilikuwa kichuguu kikubwa chenye vyumba vingi ndani, na humo aliwalea wanawe. Mwewe akitokea angani, mama alipiga mluzi, fyuu! Watoto wote wakatumbukia shimoni.

Siku moja ardhi ikatikisika. Tii! Tii! Tii! Nani? Bwana Kifaru, anakuja akihema.

"Shikamoo, Bwana Kifaru," akasema Bi Nguchiro.

"Marahaba. Nakitaka hiki kichuguu. Kupe wananimaliza mgongoni, na sijaona mahali pazuri pa kujikuna kama hapa. Nipe!"

"Nikupe nyumba yangu? Na wanangu nikawalaze wapi?"

 Kifaru akainua mguu wake, akauweka juu ya mlango wa shimo. Ndani, watoto wakaona giza, wakaanza kulia.

"Sema 'nakupa,'" akanguruma, "ama nikanyage."

Bi Nguchiro aliutazama ule mguu. Ulikuwa mkubwa kuliko yeye, wanawe na chakula chao chote.

"Nakupa," akasema.

"Kwa sauti! Ngiri asikie!"

Ngiri, jirani yao, alikuwa akichimba mizizi hapo karibu. Akainua kichwa.

"Nakupa!" Bi Nguchiro akapaza sauti, machozi yakimtoka.

Mchana ule ule alikwenda na Ngiri kwa Bi Twiga, mwamuzi wa mbuga nzima. Bi Twiga akamsikiliza kutoka kule juu, akatafuna jani polepole.

"Ulisema 'nakupa'?"

"Nilisema, lakini..."

"Ngiri, alisema?"

"Alisema, mama. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Basi aliyesema amesema. Pole, binti yangu. Ndivyo tulivyoikuta sheria."

Bi Nguchiro akaondoka na wanawe, wakalala kwenye majani matupu. Asubuhi mwewe akapita chini, vuu! Akamkosa kidogo tu yule mtoto mdogo. Mama akakaa akiwaza. Neno ni nini? Halina uzito, halina kucha, halishikiki. Neno moja tu limetoka kinywani mwake, na limemtoa nyumbani kwa nguvu kuliko mguu wa kifaru! Akaogopa. Halafu akaanza kustaajabu. Kama neno lina nguvu hivyo kwangu, akajiuliza, kwa Kifaru je?

Akiwa katika mawazo hayo, akasikia kelele. "Uuuh! Uuuh!"

Akakimbia kuchungulia. Loo! Bwana Kifaru alikuwa ameona mlango wa nyumba yake mpya ni mdogo, akataka kuupanua. Akakipiga kichuguu kwa pembe, pu! Pembe ikazama mpaka kwenye shina, na udongo mkavu ukaibana. Akivuta, haitoki. Akisukuma, inazidi kuzama. Uso umeelekea ukutani, haoni mbele wala nyuma.

Bi Nguchiro akachuma nyasi yenye miiba midogo. Akapanda taratibu mgongoni mwa Kifaru mpaka sikioni. Choma! Choma! Choma!

"Mama wee! Nini hicho?" Kifaru akapiga kelele.

"Ah, Bwana Kifaru! Siafu hao! Jeshi zima! Wanaingia sikioni, halafu puani, halafu sijui wapi!"

"Waondoe! Waondoe!"

"Utanipa nini?"

"Chochote!"

"Nipe pembe yako."

"Pem... pembe yangu?"

Choma! Choma!

"Nakupa! Nakupa! Chukua!"

"Kwa sauti, Bwana. Ngiri asikie."

"NAKUPAAA!" Ndege wakaruka kwenye miti yote. Ngiri, mdomo wazi, akaitikia, "Nimesikia!"

Bi Nguchiro akatupa nyasi yake, akafukua udongo kwa kucha, paru-paru-paru, mpaka pembe ikachomoka. Kisha akasema kwa upole, "Haya, twende kwa Bi Twiga nikakabidhiwe mali yangu."

Wanyama wote walikuja kusikiliza. Nani amewahi kuona nguchiro akidai pembe ya kifaru? Bi Twiga akauliza kama siku zote, "Bwana Kifaru, ulisema 'nakupa'?"

"Nilisema, lakini..."

"Ngiri, alisema?"

"Alisema, mama! Hata waliokuwa mtoni walisikia!"

Kifaru akapiga kwato. Vumbi likapanda. "Hii ni dhuluma!" akafoka. "Nilikuwa nimenasa! Nilikuwa naumwa! Nilikuwa na hofu! Neno la mtu aliyeshikwa na hofu ni neno gani? Moyo wangu haukukubali. Ni mdomo tu!"



Bi Twiga akaacha kutafuna. Ile shingo ndefu ikashuka, ikashuka, mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya Kifaru. Hakuna aliyewahi kumwona Bi Twiga akiinama hivyo.

"Rudia," akasema.

Kifaru akafungua kinywa. Akamwona Bi Nguchiro, amesimama na wanawe. Akakumbuka mguu wake juu ya mlango. Akakifumba kinywa.

"Nami nina la kusema," akasema Bi Nguchiro. "Siafu hawakuwapo. Nilimchoma kwa nyasi. Neno lake nimelipata kwa hofu na kwa uongo, na pembe siitaki. Nilichotaka ni hayo aliyoyasema."

Wanyama wakashika vichwa. Bi Twiga akasema, "Tulikuwa tunasikiliza mdomo peke yake. Kuanzia leo tutauliza zaidi. Aliyetoa neno, ametaka mwenyewe? Ameelewa? Na aliyepokea, naye ametoa nini? Pembe ni ya Kifaru. Kichuguu ni cha Nguchiro."

Jioni Kifaru akaja tena kichuguuni. Safari hii alisimama mbali.

"Bi Nguchiro, kupe bado wananila. Ukiniruhusu nijikune ubavuni mwa nyumba yako, nitawalinda wanao ukienda kuwinda."

"Ubavu wa kushoto nakubali. Wa kulia ndiko wanakolala watoto. Na hutagusa kwa pembe."

Kifaru akafikiri. "Wa kushoto tu? Bila pembe?"

"Hivyo tu. Hutaki, nenda salama, hakuna ugomvi."

"Nakubali," akasema Kifaru taratibu, kama anayelionja neno kwa mara ya kwanza.

Wakakaa hivyo mpaka kiangazi kikali. Siku moja Bi Nguchiro alikuwa mbali akiwinda, akaona moshi. Moto wa nyika! Nyumbu wanakimbia, swala wanakimbia, hata simba anakimbia. "Wanangu!" Akakimbia yeye peke yake kuufuata moto, akijua kwamba hakuna mnyama mwenye miguu atakayebaki kule.

Akafika. Akasimama pale pale.

Majani yote yalikuwa meusi, isipokuwa duara moja lisiloungua kukizunguka kichuguu. Na kwenye ukingo wa duara lile alikuwa Bwana Kifaru, peke yake, akiukanyaga moto. Tii! Tii! Tii! Nyayo zimeungua, ngozi imejaa majivu. Akauzima mwali wa mwisho, akakaa chini kwa kishindo. Watoto wakachungulia shimoni, wazima wote.

"Kwa nini hukukimbia?" akauliza Bi Nguchiro. "Hapakuwa na mtu wa kukuona. Hapakuwa na wa kukushika!"

Kifaru akamtazama, kama aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Si nilikubali?" akasema.

 Bi Nguchiro akaketi kando ya ule mwili mkubwa, akautazama, akautazama tena, mpaka moshi ukaisha angani.

Basi wanangu, neno linalofunga ni lile ambalo kila upande umelielewa, umelikubali kwa hiari na umetoa kitu kwa ajili yake.