Barua Yenye Nafasi ya Jina Moja

Sogeeni, na mwenye chungu jikoni akaepue kwanza, maana nikishaanza sitaki mtu wa kuniambia "hebu rudia hapo." Hadithi hii ninayo yote, ila mwisho wake sina. Mwisho mtautoa ninyi, na mkigombana msinitafute mimi.

Palikuwa na vijana watatu: Sikitu, Mhoja na Ombeni. Walijuana wakilia. Hakuna aliyekuwa amekufa, la hasha! Walikutana mbele ya ubao wa matangazo wa chuo cha udaktari, kila mmoja akitafuta jina lake katika orodha ya waliofaulu mtihani wa kuingia, na majina yao hayakuwapo. Wote watatu walikuwa wameangushwa na somo moja, bayolojia. Na chuo kile kinampa mtu nafasi mbili tu. Ukikosa ya pili, udaktari usahau, katafute kazi nyingine.

Basi wakapanga vyumba viwili kwa Mama Shangwe, mjane mwenye mdomo mkali na kuku kumi na tisa, wajiandae kwa nafasi yao ya mwisho. Walikuwa na kitabu kimoja cha bayolojia, kinene hasa. Watu watatu, kitabu kimoja! Walichofanya hata leo nikikikumbuka nashika kichwa. Walichukua kisu cha mkate, wakakipasua kitabu mapande matatu, wakapiga kura. Kila mtu asome pande lake mpaka alijue usingizini, na Jumapili awafundishe wenzake kwa mdomo.

Pande la ubongo na mishipa ya fahamu lilimwangukia Mhoja, kijana mrefu wa maneno machache. Akalisoma mpaka akawa kero. Ukijikwaa mbele yake, hakupi pole. Anakueleza kwanza maumivu yamepita njia gani kufika kichwani.

Pande la moyo, damu na mapafu lilimwangukia Ombeni. Huyo naye akawa anahesabu pumzi za watu. Mama Shangwe akijinyoosha mkekani mchana, Ombeni yuko kando na saa mkononi.

"Wewe mtoto," mama akamwambia siku moja bila kufumbua macho, "unanisubiri nife?"

"Hapana, mama. Kumi na sita kwa dakika. Uko salama."

Sikitu akabakiwa na pande la mwisho, la kupanga viumbe: yupi ni wa kundi gani, ana ndugu gani, unamtambua kwa alama ipi. Alilipokea moyo umemvunjika. Nani amewahi kupona kwa kujua kwamba popo si ndege? Na ndani ya pande hilo mlikuwa na kurasa nne za nyoka. Sikitu alikuwa mwoga wa nyoka kupita kiasi. Kurasa zile alizisoma amefunika picha kwa kiganja, anasogeza kidole kimoja kimoja, jasho linamtoka. Lakini alizisoma zote, kwa sababu kitu kimoja tu duniani alikiogopa kuliko nyoka, nacho ni kusimama tena mbele ya ule ubao asione jina lake.

Siku ya mtihani ikafika. Tangazo lilisema lango la chuo litafungwa saa mbili kamili asubuhi. Sikitu aliamka mapema, uso umemsawajika. Wenzake nao hivyo hivyo. Ombeni alikuwa amevaa shati nje ndani na hakuna aliyeona. Mama Shangwe akawatazama, akasonya.

"Na sura hizo mnakwenda kutibu nani? Leo hamtoki hapa na chai kavu. Ngojeni niwaletee mayai."

Akaenda bandani. Akaingiza mkono kwenye kiota, kama alivyofanya kila siku miaka yote. Halafu wakasikia ukelele.

Walimkuta amekaa chini, ameshika kiganja cha kulia, na juu ya kiganja pana matundu mawili madogo yanayotoa damu. Jirani, Baba Tegemea, akaruka ukuta akaja mbio. Mtu mwema yule, ila hakuna jambo asilolijua.

"Nyoka wa mayai huyo," akasema. "Hana sumu. Mpeni maziwa alale, ninyi wahini mtihani wenu."

Jamani, maneno yale yalivyokuwa matamu! Sikitu aliyasikia yakimshuka moyoni. Nyoka hana sumu, mama atalala, wao watakwenda. Saa ilikuwa bado saa moja na robo, na mpaka chuoni ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Alitamani kuyaamini, msione ajabu, hata wewe ungetamani.

Lakini nyoka alikuwa bado mle bandani, na aliyewahi kuziona picha za nyoka kitabuni alikuwa mmoja tu. Sikitu akapiga magoti mlangoni mwa banda. Akachungulia. Gizani kitu kikajiinua, kikasimama wima kiasi cha mkono, kikatanua shingo. Sikitu alitaka kufumba macho. Hakufumba. Akamtazama shingo, akamtazama rangi ya tumbo, akamtazama kichwa, alama moja baada ya nyingine kama zilivyo kwenye kurasa zake, na mkojo ulimponyoka, nawaambieni kweli. Kisha akarudi nyuma kwa makalio akapiga kelele:

"Ni swila! Nyoka wa mayai hatanui shingo namna hiyo, wala hana meno ya kutoboa hivi! Mama ana sumu mwilini, apelekwe hospitali sasa hivi!"

Baba Tegemea akakimbilia guta lake, lile pikipiki la magurudumu matatu analobebea matofali. Kabla ya kwenda alileta maziwa jikoni, ati yanaua sumu, akamwekea Mama Shangwe kikombe mdomoni na kumwambia ajikongoje mpaka barabarani. Mama akaanza kunyanyuka. Mhoja, mtu wa maneno machache, akakipiga kile kikombe kikaruka.

"Asinywe! Asitembee!" Akamshika uso. "Mama, nitazame. Fumbua macho vizuri."

"Nimefumbua," mama akasema. Hakuwa amefumbua. Kope zilikuwa zimeshuka nusu.

Mhoja akawageukia wenzake. "Sumu ya swila inashika mishipa ya fahamu. Imeanza na kope. Baada ya kope ni koo, akinywa kitu kitampalia afe hapa hapa. Baada ya koo ni misuli ya kupumulia. Na kila akijongea tunaisukuma iende haraka." Akaufunga mkono wa mama kwenye mwiko wa ugali kwa khanga, kuanzia vidoleni hadi begani, ukatulia. Wakambeba kama alivyolala, wakamweka kwenye guta. Mama alijaribu kuwatukana, na ulimi ukamwia mzito. Hapo ndipo Sikitu alipoanza kulia.

Njia ya hospitali inapita mbele ya chuo. Basi sikilizeni hapa vizuri. Kabla hawajafika chuoni, Ombeni, aliyekuwa amekiweka kiganja kifuani mwa mama akihesabu, akaacha kuhesabu.

"Hapumui," akasema.

Ombeni akagusa shingo ya mama. "Moyo unapiga. Mapafu ni mazima, ila hayana wa kuyasukuma. Basi tutayasukuma sisi." Akainamisha kichwa cha mama nyuma, akambana pua, akampulizia mdomoni. Kifua kikainuka. Akapuliza tena. Akaendelea hivyo guta likiruka mashimoni, meno yanagongana, midomo yake imepasuka inatoka damu.

Wakati huo ndipo walipopita mbele ya lango la chuo. Lilikuwa bado wazi. Watahiniwa wa mwisho walikuwa wanakimbia kuingia, na mlinzi ameshika komeo. Baba Tegemea, masikini, akapunguza mwendo.

"Anayeshuka ashuke!" akapaza sauti.

Sikitu aliliangalia lango. Kazi yake alikuwa ameshaimaliza kule bandani. Mhoja naye alikuwa ameshamaliza ya kwake. Wangeshuka, na mama angeendelea kupuliziwa vilevile. Ila guta lilikuwa linarukaruka, na kichwa cha mama kisiposhikwa, pumzi za Ombeni zinapotea hewani. Sikitu alikuwa amekishika upande huu na Mhoja upande ule. Hakuna aliyeshuka. Nyuma yao wakasikia chuma kikigonga chuma.

Hospitalini wakapokewa na Daktari Nambua, mama mfupi asiyepoteza muda. "Nyoka gani? Dawa ya swila na ya kifutu ninazo, nikikosea namuua."

"Swila," Sikitu akasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Mama Shangwe akawekewa mashine ya kumpumulia, akapewa dawa ya swila. Saa nzima walisimama ukutani hawajui kama ni mzima au maiti. Saa tatu na nusu daktari akatoka.

"Atapona," akasema. "Nyinyi ni akina nani?"

Walipomweleza, akatazama saa ya ukutani, akawauliza kama wanaijua kanuni ya wachelewaji. Hawakuijua. Akawaambia kwamba chuo kile humpokea mtahiniwa aliyechelewa kwa kuokoa maisha ya mtu, mradi alete barua ya daktari kabla ya saa nne. Sikitu akaruka. Wote watatu wakashikana mikono, Ombeni akacheka kwa midomo yake ile iliyopasuka.

"Msifurahi bado," akasema daktari, sauti imemshuka. Akatoa fomu ya ile barua mezani. "Mwaka juzi walitokea watu kumi na mmoja na barua moja, wote eti walimbeba mgonjwa mmoja. Tangu hapo kanuni inasema kila mgonjwa, mwokoaji mmoja. Someni wenyewe."

Wakasoma. *Jina la aliyemwokoa mgonjwa*, na mbele yake mstari mmoja, mfupi.

Mikono ikaachiana. Yaani hivi hivi, naona mpaka leo, mikono iliyokuwa imeshikana ikaachiana.

"Ningekuwa sijakipiga kile kikombe," Mhoja akasema taratibu, akitazama sakafu, "angekufa pale pale uani. Na angetembea, asingefika hata chuoni akiwa hai. Daktari mwenyewe anajua."

"Mimi ndiye niliyekuwa pumzi yake," Ombeni akasema. "Dakika ishirini na tano. Ningepumzika dakika tano tu, dawa yenu mngempa maiti."

Wakamtazama Sikitu. Alitamani aseme "andikeni mmoja wenu." Ndivyo mtu mwema anavyosema, na mwaka mzima alikuwa amejiambia kwamba pande lake ni la takataka. Lakini aliuona ule ubao, aliiona orodha isiyo na jina lake.

"Na nisingechungulia mle bandani," akasema, machozi yanamtiririka, "mama angekunywa maziwa akalala, nasi tungekwenda mtihani tukicheka. Wewe Mhoja usingejua kwamba kuna sumu. Wewe Ombeni usingekuwapo. Na daktari angechoma sindano ya kubahatisha. Niandikeni mimi. Samahani, jamani. Niandikeni mimi."

Daktari akaingia wodini kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Mama Shangwe alikuwa na mpira kooni, kope zimefunga, na kidole hakikuweza hata kujongea. Akarudi vivyo hivyo.

Huko nje Baba Tegemea alikuwa ameshawasha guta, linanguruma. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tisa, na mpaka chuoni ni dakika ishirini.

"Mimi nimemkuta ameshafikishwa," daktari akasema, kalamu mkononi. "Yaliyotokea nyumbani na njiani mnayajua ninyi. Nipeni jina. Nikikosa jina, fomu inabaki tupu na ninyi wote mnabaki hapa."

Sikitu alikuwa ameinamia fomu, anaogopa kuandikwa na anaogopa kuachwa, hajui ipi inamuuma zaidi.

Basi mimi nimefika nilipoambiwa nifike. Msiniulize yupi aliondoka na lile guta. Na wewe uliyejificha nyuma hapo usidhani sikuoni, wala usiniambie "waende wote," kwa sababu kanuni mmeisikia. Mmoja alimjua adui akiwa amejikojolea kwa woga. Mmoja aliijua njia ya sumu akaizibia. Mmoja alitoa pumzi yake mwenyewe. Ukimtoa yeyote kati yao, Mama Shangwe amezikwa. Haya, kalamu hiyo, ishike. Dakika yenyewe ni moja, guta linakungoja, na watatu wale wanakutazama usoni. Utaandika jina la nani, na wale wawili utawaambia nini?