Vitu vya Nakijwa

Mama mmoja alikuwa na nyumba isiyokaa na vitu. Si kwamba alikuwa fukara, la. Nakijwa alikuwa na kinu cha mti mgumu, sufuria kubwa la kupikia shughuli, kitanda cha kamba, majembe, taa ya chemli, na kanga moja nzito ya kufunikia watoto wachanga. Lakini ungeingia kwake saa yoyote ungekuta kigoda na kuta. Kinu kiko kwa huyu, sufuria liko harusini kwa yule, kitanda kimembeba mgonjwa kwenda barabarani, huko chini ya mlima. Watoto wake wakinung'unika, alicheka akawaambia kwamba kitu kisichotoka hakijui njia ya kurudi. Hivyo ndivyo alivyowalea, wao na wa wenzake, mpaka uzee ukamfika, na kifo kikamfika.

Kijiji kizima kilimzika. Watu walilia, jamani, wakalia kweli. Kisha ikaja siku ya kuanua matanga, siku ambayo ukoo ule hutoa nje vitu vya marehemu ili kila mtoto apate cha kumkumbukia. Namsifu, binti yake wa kwanza, aliyekuwa ameolewa mbali na sasa amerudi akiwa mjane, ndiye aliyetumwa ndani akavilete. Akaingia, akatafuta, akatoka na kigoda mkononi. Wajomba wakamtazama. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mama yangu wamemla akiwa hai, alisema moyoni, na sasa hata cha kumkumbukia hawakuniachia.

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Hakuwa mchoyo, msimhukumu upesi. Alimpenda mama yake kwa mapenzi ya mtoto aliyekaa mbali muda mrefu mno, na aliogopa jambo moja tu: kwamba jina la mama litafutika pale mlimani, na watoto watakaozaliwa hawatajua kwamba aliwahi kuwapo. Akaapa kwamba halitafutika yeye akiwa hai.

Kesho yake akaanza kupita mlango kwa mlango kuvidai vitu vya mama. Hakuna aliyembishia, naye akazidi kuamini kwamba wote walijijua wana hatia. Kinu kilitolewa kikiwa na mahindi yaliyotwangwa nusu. Wenyewe wakayakomba kwa mikono. Kwa Nietiwe, mzazi wa juzijuzi, aliikuta kanga imemfunika mtoto. Nietiwe alimfunua mtoto, akaikunja kanga pembe kwa pembe, akampa kwa mikono miwili. Na Namsifu akaipokea. Ndiyo, akaipokea! Alikuwa na huzuni, na alikuwa na haki, na mtu mwenye vyote viwili ni vigumu kumwona mtoto wa mwenzake anatetemeka.

Akalisugua sufuria mpaka likang'aa. Akavipanga vyote katika chumba cha mama, akatia kufuli. Jioni alikuwa akiingia humo, anakaa katikati yake, anavipangusa vumbi, na moyo unatulia. Nyumba sasa ilikuwa imejaa, na mtu yeyote angeona kwamba hapa palikaa mama wa maana.

Mwaka ulipotimia alifanya kumbukumbu. Alichinja mbuzi, akapika wali wa kutosha kijiji, akafagia uwanja, akakifungua kile chumba ili watu wapite wamwone mama yao. Wakaja wajomba. Wakaja vikongwe wachache. Wengine walipita njiani na mizigo yao, wakaamkia kwa adabu, wakaendelea na safari. Jua likapinda, chakula kingali kimejaa. Namsifu akaketi kizingitini akaangua kilio mbele za watu: mwaka mmoja tu, na wamekwisha kumsahau mama!

Mama Mbonea, shoga wa marehemu tangu usichana wao, alikuwa bado anakula. Akaiweka sahani chini.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulimzika mama yako jioni, na asubuhi yake tulikuwa tunamtaja. Kinu cha Nakijwa kiko kwa nani? Sufuria la Nakijwa limerudi? Mleteni mtoto afunikwe kanga ya Nakijwa. Alikuwa anatembea nyumba hadi nyumba kama siku zote. Wewe ndiye uliyemkamata, ukamrudisha ndani, ukamtilia kufuli."

Siku iliyofuata Namsifu aliuacha mlango wazi, akatangaza kwamba anayetaka chochote na aje achukue. Hakuja mtu. Siku ya soko ikapita, na nyingine ikapita. Wala hawakuwa na kinyongo naye; walikwisha kuzoea. Wengine walikuwa wamenunua vya kwao, wengine wamejifunza kukosa. Hapo ndipo Namsifu alipolia kilio ambacho hakukilia hata kaburini, maana alikuwa na kila kitu cha mama yake, ila hakuwa na mtu wa kuja kumwomba kitu.

Kisha asubuhi moja akajaza mahindi kwenye ungo, akakipita kinu kikubwa cha mama yake kilichokuwa pale mlangoni, akateremka mpaka kwa Nietiwe, akabisha hodi. Akaomba kuazimwa kinu. Nietiwe alikuwa uani anatwanga katika kinu kidogo, chembamba, cha kununua sokoni. Alimtazama mgeni wake, akaitazama ile nyumba kule juu, na akaelewa kwamba huyu mama mtu mzima hakuja kwa ajili ya mahindi. Angeweza kumwambia rudi kwako, kinu unacho. Wengi wetu tungemwambia, na tungeisimulia siku nzima. Yeye aliyachukua mahindi ya Namsifu, akayamimina juu ya yake, akampa mchi wa pili. Wakatwanga pamoja kwa kupokezana, wakigonganisha michi mwanzoni, kwa kuwa hawakuzoeana. Walipokuwa wanapepeta, Nietiwe akasema kwamba mtoto anabatizwa Jumapili, na kwamba sufuria lake halitatosha wageni.

Basi nyinyi mnaosema mnawakumbuka mama zenu: ni nani aliyebisha hodi kwenu mwezi huu kuja kuomba kitu, na kama hakuna, mnadhani ni kwa sababu majirani zenu hawana shida?