Ushuhuda wa Sabuni

Hamtaniamini. Nawajua nyie watu wa ibada ya pili, mnakuja mmeshiba chapati, mtu akiwaambia jambo mnakunja uso kama mmeuziwa nyanya mbovu. Haya, kunjeni. Mimi nimeishia darasa la saba, na hata hilo la saba nilisukumwa kama gari lililozimika, lakini mwenye digrii zake hajawahi kuwapa mfano kama huu. Asiyeuamini asitoe sadaka leo. Mzee wa kanisa, usinikazie macho, natania.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyechoka kubeba zege. Akauza pikipiki yake, akanunua malighafi, akajifungia chumbani kwake, nyumbani kwa mama yake, akikoroga sabuni ya maji mpaka kope zikaota mapovu. Akajaza madumu. Madumu yakajaa chumba, mwenyewe akawa analala amekunja magoti kama mtoto aliye tumboni. Akachonga muhuri, akaipa kampuni jina, akaanza kujiita mkurugenzi. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mtu mmoja anayejua kwamba hiyo sabuni ipo duniani. Na pikipiki ndiyo imeshakwenda hivyo. Sabuni isipouzika, anarudi kwenye zege, na mafundi walikwisha kumwambia, "Karibu sana mkurugenzi, kiti chako hatujampa mtu."

Akakusanya visenti vilivyobaki, akaenda redioni. Dada wa matangazo akavitazama kwa huruma.

"Kaka, kwa hizi tunaweza kuitaja sabuni yako mara moja tu."

"Na mahali inapouzwa?"

"Hapo uongeze. Au uwe na msiba. Matangazo ya vifo yana bei nafuu."

Akarudi nyumbani kichwa chini. Jumapili akaenda kanisani, akakaa benchi la nyuma na huzuni zake. Mama mmoja akasimama kutoa ushuhuda kwamba mwanawe amepata kazi. Kanisa likapiga vigelegele, kwaya ikadaka wimbo. Kijana akainua kichwa. Akatazama spika, kubwa kama makabati. Akatazama watu, wamejaa mpaka nje. Akawaza: redio mtu huizima, nani amewahi kuuzima ushuhuda? Na hapa hawatozi kitu!

Kabla yule mama hajakaa, mkurugenzi alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe! Namshukuru Mungu aliyenionyesha ndotoni sabuni ya maji, yenye harufu ya ndimu, isiyochubua mikono, inapatikana nyuma ya mashine ya kusaga, ukifika uliza mkurugenzi. Haleluya!"

Watu wakajibu haleluya ya kumsitiri tu. Wiki nzima akauza chupa mbili, na moja ikarudishwa. Mzee aliyeinunua alidhani ni juisi.

Wewe ungeacha hapo. Yeye hakuacha. Akakaa juu ya dumu akachunguza kosa liko wapi, akaliona: ushuhuda wake haukuwa na mgonjwa. Na ushuhuda usio na mgonjwa ni mchuzi usio na chumvi. Basi Jumapili iliyofuata akavuka reli, akaenda kanisa ambalo hakuna anayemjua, akasimama mbele akiwa na machozi tayari.

"Wapendwa, mama yangu mzazi alilala kitandani, hata kijiko hakiinui. Madaktari wakatikisa vichwa. Lakini siku alipoishika sabuni hii, nasema siku alipoishika tu, aliinuka akafua mapazia ya nyumba nzima!"

Kanisa likalipuka. Wengine wakalia, wengine wakaruka, na walipomuuliza anaishi wapi, akataja mtaa, nyumba na rangi ya mlango. Akaenda zake akijiona anakata utepe wa kiwanda.

Sasa nyie mnaocheka, niambieni. Kwetu sisi, mtu akisikia mama wa mwenzake ameinuka kitandani, anafanya nini? Anakimbilia kununua sabuni? Anakwenda kumpa pole! Akina mama wa kanisa lile wakachanga, wakafunga safari. Jumamosi hiyo hao, sare mwilini, nyimbo mdomoni, vikapu kichwani. Na kwenye kikapu cha kwenda kumwona mgonjwa huwa tunaweka nini? Sukari. Mchele. Na nini? Semeni kwa nguvu, mnaona aibu gani? Sabuni! Miche mirefu ya bluu, mpaka mmoja alibeba katoni.

Kijana alikuwa mlangoni. Kuona umati akasema moyoni, wateja hao! Akachomekea shati. Mara akawatambua, akakimbilia uani. Mama yake, mwanamke mwenye mikono kama ya mtwanga mahindi, alikuwa ameinamia karai anafua.

"Mama, ingia ndani ulale!"

"Nilale mchana huu nina nini?"

"Uliumwa, mama. Umepona, lakini uliumwa. Kohoa kidogo."

"Wewe mtoto, umeinywa hiyo sabuni?"

Wageni wakawa wamefika. Kijana akajitosa nyuma ya kanga zilizoanikwa. Mwenyekiti wa akina mama akamkumbatia mwenye nyumba, povu na yote.

"Pole, mama yetu! Tumesikia Mungu alivyokuinua."

"Kaniinua kutoka wapi?"

Mwenyekiti akaitazama ile mikono. Akalitazama karai. Halafu akakitazama kilichokuwa kiganjani: kipande cha mche wa bluu, kimelika nusu.

"Mama, hiyo unayofulia ni sabuni gani?"

"Si ya dukani? Kwani kuna nyingine?"

"Na ile ya mwanao?"

"Mwulizeni mwenyewe." Akaonyesha kanga kwa kidevu, na chini ya kanga kulikuwa na miguu miwili.

Hakuna aliyeiuliza ile miguu. Zawadi hairudi, wakaiacha, wakaondoka bila wimbo. Lakini njiani midomo ilifunguka. Kabla jua halijazama, mji mzima, mpaka kule redio isikofika, ulikuwa umelijua jina la sabuni yake na habari zake: hata mama yake haifulii. Si alitaka tangazo la bure? Akalipata. Akabaki na chumba kimejaa sabuni yake na sebule imejaa sabuni za wengine, na Jumatatu mafundi wakampokea kwa makofi.

Mmecheka. Nimewaachia mcheke. Sasa sisi je? Tuna spika, tuna sare, maandiko tumeyabandika mpaka kwenye vioo vya bajaji. Tunautangazia mji kwamba kwa Yesu kuna amani. Halafu jirani anaingia uani kwako bila hodi, anamwona mkeo, anamwona dada wa kazi, anajiuliza: hawa wanafulia nini? Baba, wewe unayeomba kwa kunguruma, mwanao akisikia viatu vyako mlangoni anakimbilia mikononi mwako au uvunguni? Dada wa kwaya, wewe unayeimba upendo mpaka mshipa wa shingo unasimama, mama mkwe unamjibu kwa sauti ipi? Mji hauulizi tumesema nini kwenye kipaza sauti. Unawauliza wa nyumbani mwetu.

Basi ningesema amina, mwende mkale. Lakini kuna kipande nimewaficha, na nilikificha makusudi, niwaone mkimcheka mwenzenu kwa raha zenu. Ninyi mnadhani sabuni ile ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa sabuni nzuri ajabu, inang'oa oili ya gereji kwenye shati jeupe, na mkono unabaki laini.

Wageni walipokwisha kutoka, kijana alichomoza nyuma ya kanga analia. "Mama, umenimaliza! Kwa nini hukufulia yangu?"

Mama hakugombeza. Alilikamua lile shati alilokuwa akilifua, nalo lilikuwa la kijana mwenyewe, la kuendea kanisani.

"Nilikuomba kikombe kimoja, mwanangu," akasema. "Ukaniambia hiyo ni ya wateja."