Nani Ashike Kibuyu cha Kuku

Hapo zamani, watu wa kwetu walipokuwa bado wakipanda alizeti kwa jembe la mkono, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Bibi Nyambua. Alikuwa na wana watatu, na kila mwana alikuwa na mke. Mke wa mwana mkubwa aliitwa Mwantumu, mke wa yule wa kati aliitwa Sikitu, na mke wa mdogo aliitwa Zawena. Wote walikaa ua mmoja na kupika katika majiko matatu, lakini kuku walikuwa wa Bibi Nyambua.

Bibi Nyambua aliwalisha kuku wale kwa kibuyu cha mtama, na kibuyu kile hakikuwa kitu kidogo. Mwenye kibuyu ndiye aliyesema mgeni achinjiwe jogoo yupi. Mwenye kibuyu ndiye aliyesema mayai yapi yaatamiwe na yapi yaliwe. Mtoto akiugua, mwenye kibuyu alikamata kuku akaenda naye mnadani, bila kumwomba mume wala mkwe.

Mwantumu alikuwa na miaka tisa katika ua ule. Mwanawe wa kwanza aliposhikwa na degedege, alipiga magoti mara tatu kuomba kuku mmoja wa kuuza, akapewa mara ya tatu. Mtoto alipona, lakini Mwantumu hakusahau yale magoti. Tangu siku ile alikitazama kibuyu kama mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani.

Basi mwaka mmoja, mvua zilipokaribia, Bibi Nyambua aliwaita akasema mgongo umechoka kuinama. "Alizeti ikishaota, mmoja wenu atashika kibuyu," akasema. Hakusema ni yupi. Mpaka siku ile wanawake wale walikuwa wakisukana nywele na kuazimana chumvi. Kuanzia jioni ile kila mmoja alinunua chumvi yake.

Desturi ya kijiji ilikuwa hivi: mbegu ikiingia ardhini, kuku hafunguliwi mpaka mche uwe na majani manne. Kuku akikutwa shambani kwa mtu, mwenye shamba humla, na hakuna kesi. Kwa hiyo kuku wote wa Bibi Nyambua walifungiwa ndani ya banda moja la miti na udongo. Bibi akamgawia kila mke kuku kumi na watatu wa kuwatunza, akawaambia wawafunge kitambaa mguuni, kila mke awajue wake, wasigombane.

Mwantumu alichana kaniki kuukuu. Zawena alichana mfuko wa unga. Sikitu alichana pindo la kanga mpya nyekundu, kanga ambayo mumewe alimletea kutoka mjini na ambayo wenzake hawakuwa na mfano wake. Akawafunga kuku wake mmoja mmoja, polepole, mlangoni, mahali pa kuonekana. Miongoni mwao alikuwamo kuku mweupe ambaye Bibi Nyambua alimpenda kuliko wote, kwa kuwa nusu ya banda ilitoka katika mayai yake.

Zawena aliwaambia wenzake kwamba kwa mama yake kuku wakifungiwa hupewa kitu cha kufanya, la sivyo hugeukiana. Sikitu akacheka. Akamuuliza Mwantumu, "Dada, umemsikia bibi harusi? Anataka kuku wetu wapewe majembe." Mwantumu naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu habari ya kibuyu. Zawena akanuna, akasema moyoni kwamba watamtafuta wenyewe.

Siku ya tano Mwantumu alikuta manyoya meupe sakafuni. Siku ya sita aliona mguu wa kuku mweupe unatoka damu. Alisimama mlangoni, akatazama kile kitambaa chekundu, akasema moyoni, acha mama auone utunzaji wa Sikitu. Akarudishia mlango.

Kuku wakiona damu hawaachi. Siku ya saba kuku mweupe alikuwa amenyonyolewa mgongo mzima, nyama iko wazi, na mtetea mmoja wa Sikitu alikuwa amelala amekufa, amedonolewa nyuma mpaka utumbo ukatoka. Mwantumu alipoona hivyo hakurudishia mlango tena. Aliingia mwenyewe, akamtoa kuku mweupe akiwa bado anadonolewa, akampeleka jikoni kwake. Akamwosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Akachanganya masizi ya chungu na mafuta ya alizeti, akampaka kidonda chote kiwe cheusi, ili kuku mwingine asione wekundu. Akamfunika kwa tenga, akamnywesha maji kwa kiganja.

Sikitu aliposikia alikuja juu. Alisema mbona wanaodonolewa ni wake tu, na mbona aliyeokoa ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, kana kwamba alijua. Kisha, mwanamke yule aliyechukia hata doa la mchuzi, alijifunika gunia akaingia bandani, akakaa kwenye kinyesi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Akamwona mtetea wa madoadoa mwenye kaniki ya Mwantumu akianza, na wengine wakifuata. Alikuwa amepata alichokitafuta. Lakini aliona pia kwamba yule wa madoadoa hakudonoa kuku kwanza. Alidonoa kitambaa chekundu, na alipokikosa kitambaa akaudonoa mguu, ukatoka damu.

Angeweza kutoka na nusu ya habari. Alitoka na yote. Akamtenga yule wa madoadoa, akakata vitambaa vyote vya kanga yake kwa kisu, akamwambia Bibi Nyambua mbele ya watu, "Mama, ni kanga yangu."

Kudonoana kulipungua, ila hakukukoma. Hapo Zawena akayarudia maneno yake, safari hii kwa vitendo. Alifunga mafungu ya mchicha kwa kamba, akayaning'iniza juu kidogo, kuku wayarukie. Alimwaga majivu pembeni waogee. Alichanganya mtama na makapi ili wautafute kwa kuparua, na kila asubuhi alichimba mchwa akawaletea. Baada ya siku nne banda lilinyamaza. Baada ya wiki mbili vishina vya manyoya vilianza kuchomoza.

Alizeti ikafika majani manne. Mlango ukafunguliwa, kuku wakatoka kama maji. Kutoka jikoni kwa Mwantumu akatoka kuku mweupe, mgongo mweusi kama chungu, akaenda kuparua miguuni pa Bibi Nyambua. Bibi alikuwa amekaa kigodani, kibuyu mapajani.

Mwantumu akasema, "Mama, niliona siku ya sita nikanyamaza. Nilitaka Sikitu aaibike. Sikufichi. Lakini kuku huyu angekuwa mifupa. Amelala jikoni kwangu wiki tatu, na wanangu wakala ugali nje."

Sikitu akasema, "Kosa lilianza kwangu, na mimi ndiye niliyelitafuta nikalitaja. Nisingelitaja, mpaka leo mngemlaumu kuku wa dada. Na wewe dada, unaomba kibuyu kwa mdomo ule ule ulionyamaza?"

Zawena akasema, "Dada Mwantumu ameponya mmoja. Dada Sikitu ameondoa vitambaa. Mimi nimeponya banda zima."

"Na ulijua tangu siku ya kwanza," Mwantumu akamjibu. "Mtetea amekufa wewe umenuna."

"Niliwaambia, mkanicheka."

"Ungetuambia mara ya pili, mdogo wangu. Mimi kuku wa mwanangu niliomba mara tatu."

Bibi Nyambua alimtazama Mwantumu muda mrefu, kisha akayatazama magoti yake. Akainua kibuyu kwa kamba yake. Mikono mitatu ikanyooshwa, na kamba ilikuwa moja.

Je, nyinyi mliosikia yote, na kuku wanasubiri kulishwa, nani alistahili kukishika?