Mihayo wa Kalunde Anatafutwa

Hapo zamani, na ninaposema zamani sisemi ile ya fisi na sungura, nasema zamani hii hii yetu ya vocha na bando, palikuwa na mwanamke katika kijiji cha Isanzi, upande wa Nzega, jina lake Kalunde. Kaeni vizuri. Anayetaka kwenda msalani aende sasa, maana mwishoni nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Kalunde alikuwa na mtoto mmoja tu, Mihayo. Mtu mzima wa miaka ishirini na minne, mwenye nguvu za kulima, ila alikuwa na kifafa. Kikimwangusha, akiinuka akili huwa imehama. Saa nzima, pengine siku nzima, hajui alipo wala anakotoka. Kitu kimoja tu hakikumtoka. Ukimwuliza, wewe nani, anakujibu: "Mihayo wa Kalunde." Baba wa kutajwa hakuwa naye.

Watu walimtenga. Shuleni walimrudisha nyumbani. Harusini walimkalisha nyuma ya jiko. Penye mtoto mchanga walimwambia asisogee. Kalunde aliyaona yote, akayameza. Alimvalisha mwanawe kibuyu kidogo cha maji shingoni, kwa sababu akirudiwa na fahamu kiu humshika sana.

Basi, Alhamisi moja, siku ya gulio, Mihayo akapotea. Malori ya mpunga yalikuwa yamejaa, watu wamejaa, na jioni kibuyu kikaokotwa kwenye majani, kamba imekatika. Mwenyewe hayupo. Walimtafuta mashambani, hayupo. Visimani, hayupo. Polisi wakaandika jalada, redio ya mkoa ikatangaza mara mbili. Hayupo.

Pale senta palikuwa na fundi simu, Doto Masanja, mtu wa heshima zake. Akaja kwa Kalunde, akachuchumaa mlangoni.

"Mama Mihayo, siku hizi mtu hatafutwi kwa miguu peke yake. Nimtengenezee tovuti."

"Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

"Ni ukurasa wa mtandaoni. Tunaweka picha yake, jina lake, na namba yako ya simu. Aliyemwokota akiandika jina lake tu kwenye simu, ukurasa unamtokea."

"Hata aliye mbali?"

"Hata aliye Songea. Iko hivi, mama. Huko kuna mitambo inaitwa watambazi. Inapita ukurasa hadi ukurasa, inasoma, inaandika yote kwenye daftari moja kubwa. Mtu akiuliza, anajibiwa kutoka kwenye daftari. Asiyeandikwa humo, kwa muulizaji hayupo."

Siku tatu Doto akajenga. Siku ya tatu akamwonyesha Kalunde: Mihayo na shati lake la bluu, anacheka, na juu yake maneno makubwa, MIHAYO WA KALUNDE ANATAFUTWA. Kalunde akalia, akakipangusa kioo kwa khanga.

"Bado nimefunga," Doto akasema. "Sisi mafundi tukiwa tunajenga huwa tunaweka alama ya tiki, ya kuwaambia watambazi wasiingie, wasije wakaandika nyumba isiyoezekwa. Sasa imekwisha. Niiondoe?"

Hapo, wenzangu, sikilizeni alichosema Kalunde.

"Ngoja. Mwanangu tangu azaliwe hajafanyiwa sherehe. Shule hakumaliza, mke hakuoa. Leo jina lake linakwenda duniani, litoke kwa mlango wa uani? Sikubali. Aitwe mgeni rasmi akate utepe, watu wapige makofi. Ndipo ufungue."

Mnacheka? Acheni unafiki. Kwetu hata choo cha shule hakiingiwi mpaka mgeni rasmi akate utepe, watoto wanabanwa huku wanamsubiri mheshimiwa. Doto alitaka kubisha, akamtazama yule mama, akashindwa.

Kamati ikaundwa. Katibu akawa Mwalimu Mkama, mstaafu, mtu wa faili na kalamu mbili mfukoni. Mgeni rasmi akawa Bwana Kapembe, binamu wa Kalunde, ndiye pekee katika ukoo aliyekuwa na gari la vioo vyeusi. Akasema atakuja Jumamosi.

Sasa twende kusini, mbali kabisa. Dereva mmoja alimkuta kijana kando ya barabara, ameanguka kutoka kwenye lori la mpunga, kichwa kimepasuka. Akampeleka hospitali. Muuguzi wa wodi ile aliitwa Atupele. Akamwuliza, wewe nani? "Mihayo wa Kalunde." Kwenu wapi? Hajui. Kila asubuhi akianza zamu, Atupele alitoa simu yake mfukoni, akaandika: Mihayo wa Kalunde. Simu ikamletea mchungaji Mihayo, mcheza mpira Mihayo, na Mihayo muuza mabati. Wa Kalunde hakuna.

Jumamosi ya kwanza ikafika, Bwana Kapembe akapata msiba. Atupele akaandika: Mihayo wa Kalunde. Hakuna.

Jumamosi ya pili ikafika, Bwana Kapembe akapata semina. Atupele akaandika. Hakuna.

Jumamosi ya tatu gari la Bwana Kapembe likaharibika, au tuseme alisema limeharibika. Atupele akaandika. Hakuna, jamani, hakuna.

Doto naye akaitwa kazini Mwanza. Kabla ya kuondoka akamwachia Mwalimu Mkama karatasi: siku ya uzinduzi, ingia hapa, bonyeza hapa, toa tiki hii. Mwalimu akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake la sherehe ili asiisahau.

Jumamosi ya nne Bwana Kapembe akaja. Mbuzi wakachinjwa, pilau likapikwa, kompyuta ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, ikazungushiwa utepe mwekundu. Mwalimu Mkama alisoma risala kurasa sita. Bwana Kapembe akakata. Vigelegele! Kalunde akacheza, yeye ambaye hakuwa amecheza tangu msichana, akazunguka ile meza akiita, "Mihayo wangu! Mihayo wangu leo katajwa!" Karatasi ilikuwa mfukoni mwa koti. Tiki ilikuwa palepale.

Na mnajua kwa nini hakuna aliyeshtuka? Kwa sababu tiki huwazuia watambazi tu, wao ukurasa uliwafungukia. Anwani yake ilitumwa kwenye kundi la ukoo, kila mtu akabonyeza, kila mtu akamwona Mihayo anacheka. Wakadhani dunia nzima inamwona. Hakuna hata mmoja aliyejaribu kumtafuta kama mgeni anavyotafuta, kwa jina tu.

Kalunde akaishika simu yake kuanzia siku hiyo. Alikula nayo, akachota maji nayo. Ikiita anaruka: ni jirani, ni kampuni ya simu, ni mtu amekosea namba. "Dunia nzima imeona," alimwambia shoga yake, "na hakuna hata mmoja aliyepiga. Basi mwanangu amekufa. Au yuko hai, na watu wamemwona, wakamdharau kama siku zote." Hilo la pili lilimuuma kuliko la kwanza. Akaacha kusuka nywele, akaacha kuwasha moto mchana.

Wiki mbili baada ya utepe Doto akarudi. Akaandika jina kwenye simu yake, kama mgeni. Hakuna. Akafungua kule ndani, akaikuta tiki. Akaitoa palepale, akawatumia watambazi ombi waje. Halafu akanyamaza. Hakumwambia Mwalimu, hakumwambia Kalunde. Aliona haya, akajisemea watakuja kesho, jambo litajifuta lenyewe.

Lakini watambazi hawana binamu wala hawajui kilio cha mtu. Wanakuja wakitaka. Siku ya kwanza hawakuja. Siku ya pili hawakuja. Siku ya tatu, ya nne, hawakuja.

Kule wodini daktari alikwishasema kwamba damu imevilia kichwani, kijana apelekwe hospitali kubwa, ila awepo ndugu wa kutia saini na kumwuguza. Atupele alikuwa ameandika jina lile kwa zaidi ya siku arobaini. Siku ya tano akachoka. Akachukua faili, na pale penye nafasi ya ndugu, akaandika: hawapo. Safari ikawekwa kando.

Siku ya saba Mihayo akaomba maji. Akapapasa shingoni kutafuta kibuyu, hakukiona. Akafa alasiri. Halmashauri ikamzika siku ya nane, kwa namba.

Siku ya tisa watambazi wakaja.

Siku ya kumi Atupele alikuwa anakunja shati la bluu alilokuja nalo marehemu. Sijui nini kilimsukuma. Akatoa simu, akaandika mara moja ya mwisho: Mihayo wa Kalunde. Akatokea wa kwanza kabisa, anacheka, na shati lile lile.

Simu ikaita Isanzi. Kalunde akairukia.

"Ni mama yake Mihayo?"

"Ndiyo mimi! Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Jamani! Yuko wapi? Amekula? Mwambie nakuja, naanza safari leo hii. Mpe maji, mwanangu, yeye akiamka huwa na kiu."

Kalunde akauliza mara tatu, amekula? Mara ya nne hakuuliza tena. Simu ikamponyoka.

Matanga yakawekwa bila maiti. Atupele akaja mwenyewe na lile shati, siku mbili barabarani. Sasa, ukoo ule una desturi yake. Siku ya kuanua matanga, chombo cha marehemu hujazwa maji, na aliyekuwa sababu ya kifo, kama yupo, huyanywa mbele ya watu na kusema, "Alipitia kwangu." Akinywa, wafiwa hunyoa, hufagia, hulala tena kitandani. Akiwapo na asinywe, matanga hayaanuliwi. Kibuyu cha Mihayo kikajazwa, kikawekwa mkekani. Kila mmoja alikuwa amekwisha kueleza lake, na hata siri ya Doto ilikuwa imetoka.

Doto akasema: "Tiki niliiweka mimi, lakini kila fundi huiweka. Nilitaka kuitoa siku ile ile, nikakatazwa. Nikaacha maelekezo kwa maandishi. Kosa langu ni kunyamaza baadaye. Ningesema, tungetafuta njia nyingine. Lakini je, tungempata kwa siku saba?"

Mwalimu Mkama akatoa ile karatasi, imekunjika vilevile. "Wiki nzima niliitunza. Siku moja nikaisahau, kwa sababu nilikuwa natafuta viti, natafuta mkasi, nampokea mgeni. Kama siku ile ingekuwa ya kazi na siyo ya sherehe, nisingesahau. Mimi sijasahau kitu miaka thelathini."

Bwana Kapembe akasema: "Mimi niliitwa kukata utepe, nikakata. Nani aliniambia kuna mtu amefungiwa nyuma ya huo utepe? Ningejua ningekuja kwa miguu." Na hapo hakuwa anadanganya, macho yake yalikuwa mekundu.

Atupele akasema: "Nyinyi hamkujua yuko wapi. Mimi nilijua. Alikuwa kitanda cha nne. Ningeweza kumpiga picha, nilikuwa na polisi mtaa wa pili, redio mtaa wa tatu, nikategemea simu. Nikadhani kisichopatikana kwenye simu hakipo duniani. Halafu nikaandika hawapo kwa mkono wangu huu."

Kalunde alikuwa ameliweka shati mapajani.

"Mmemaliza?" akasema. "Nyote mmezunguka. Fundi aliniuliza, niiondoe? Nani alisema ngoja? Nilitaka apigiwe makofi. Maisha yake yote hakuna aliyempigia makofi, nikasema basi na iwe hata mara moja tu. Nikamfungia mlango kwa ajili ya makofi." Akanyoosha mkono kushika kibuyu.

"Mama, hapana!" Atupele akakishika upande wa pili. "Mama hanywi maji ya mwanawe. Nipe mimi."

Doto naye akainuka. Mwalimu naye. Wazee wakawazuia, wakasema hakiwezi kunywewa na wote, maana kinachonywewa na wote hakijanywewa na mtu. Wakakirudisha mkekani, wakasema wataamua kesho. Kesho yake hawakuamua. Keshokutwa pia.

Basi kibuyu kipo palepale mpaka leo. Maji yakikauka wanaongeza. Matanga hayajaanuliwa, Kalunde bado analala chini, nywele zake hazijanyolewa. Doto alitaka kuufuta ule ukurasa, Kalunde akamshika mkono. Siku hizi watambazi wanaupitia kila asubuhi, bila ombi, bila utepe. Ukiandika jina lake tu, ndiye wa kwanza: Mihayo anacheka, na juu yake, ANATAFUTWA.

Haya, nilisema nitawauliza. Msiniangalie mimi, mimi ni mtambaji tu. Yuko fundi aliyefunga kisha akanyamaza. Yuko mwalimu aliyesahau. Yuko bwana mkubwa aliyechelewa. Yuko muuguzi aliyeandika hawapo. Yuko mama aliyesema ngoja. Kibuyu ni kimoja, na yule mama hawezi kuinuka pale chini mpaka kinywewe. Je, nani anywe?