Pikipiki Iliyokuwa Tayari

Mtu mmoja alikuwa na safari ya kurudi kwao, na kwao kulikuwa mbali. Jina lake Mihayo. Alikuwa mkata mkonge huko Korogwe, na nyumbani kwao ni Urambo, ng'ambo ya Dodoma, ng'ambo ya pori la Itigi, mwendo wa siku tatu kwa mtu wa pikipiki. Miaka tisa ilikuwa imepita bila yeye kukanyaga huko.

Huko alikuwepo dada yake, Nyamizi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Nyamizi alipofiwa na mumewe, Mihayo ndiye mwanamume pekee aliyebaki katika nyumba ile, na watu wote wakamtazama yeye. Siku ya pili ya msiba akasema anakwenda kutafuta kuni za kuwapikia waombolezaji. Akakata porini, akatokea barabarani, akadandia lori. Matanga yakaanuliwa bila yeye. Hakuwa mtu mbaya, kilio kilimshinda. Lakini aibu haikai pale ulipoiacha. Kila mwaka aliokaa bila kurudi ulimwongezea woga wa kurudi.

Kisha, kiangazi kilipokuwa kinaisha, dereva mmoja wa kwao akamletea neno kutoka kwa Nyamizi. Macho yake yalikuwa yanazimika. Hakuomba dawa, wala hakuuliza habari za kuni. Alisema tu kwamba mdogo wake aje upesi, ili yeye dada amwone uso angali na nuru ya macho.

Mihayo alilia, na alilia kwa dhati. Basi la kwenda Tabora lilikuwa linaondoka kila alfajiri, lakini hakutaka kushuka stendi mikono mitupu. Alitaka kurudi kwao akiwa juu ya kitu chake. Kwa hiyo akatafuta pikipiki iliyokwisha kutumika, akamchukua Fundi Shemdoe aende naye kuikagua. Fundi huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Kabla haijawashwa aliweka kiganja juu ya injini, kwa sababu muuzaji mjanja huipasha moto mapema ili mnunuzi asione inavyogoma asubuhi. Ilikuwa baridi. Akaipiga teke mara moja, ikaitika. Akatazama moshi kama una rangi ya buluu, dalili ya injini inayokula oili, hauna. Akazungusha magurudumu, akavuta cheni, akasoma kadi. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na Mihayo akainunua.

Angeweza kuondoka kesho yake. Lakini mchana ule, jua likiwa kali na mabati ya gereji ya fundi yakilia kwa joto, alijilaza kwenye mkeka kando ya pikipiki yake, usingizi ukamchukua, akaota yuko safarini.

Katika ndoto njia ilikuwa nyeupe, na miti ya Itigi ilikuwa inatembea taratibu pande zote mbili, ikimsindikiza. Hapakuwa na sauti ya injini. Mara cheni ikateleza kutoka kwenye gurudumu, ikashuka chini pole pole, ikaingia majanini na kwenda zake. Mihayo akabaki peke yake katikati ya pori lile. Alipoamka alimwomba fundi amfungie cheni mpya. Fundi akaitazama ile iliyokuwepo, akamtazama na yeye, akaifunga mpya.

Siku iliyofuata, saa zile zile za joto, aliota anashuka mteremko wa Saranda. Akakanyaga breki, mguu ukazama kama kwenye maji. Pikipiki ikaendelea kushuka bila haraka, kisha ikaacha barabara na kupita juu ya vilele vya miti, naye akawaona watu wa chini wakiwa wadogo, wamevaa nguo za msiba, wakimnyooshea vidole. Akaamka, akaagiza breki mpya. Siku nyingine aliota mto mahali pasipo na mto, na taa ikazimika alipofika katikati yake. Akabadilisha taa. Akaota tairi zimegeuka unga. Akabadilisha tairi.

Siku zikawa zinapita hivyo. Asubuhi anatengeneza, mchana analala, na usingizi humpa kazi ya kesho. Vijana wa bodaboda wakampa jina, wakamwita Mkaguzi, wakamuuliza kama usiku analikagua na godoro kabla ya kulala. Yeye alijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Ni methali njema kabisa, na hakuna methali inayopendwa zaidi na mtu mwenye hofu.

Siku ya kumi na saba aliota ndoto ya mwisho. Safari hii hakikuharibika kitu. Cheni ilishika, breki zikashika, mto ukakauka mbele yake akapita. Akanusa tumbaku inayokaushwa, akajua amefika Urambo. Nyamizi alikuwa amesimama uani, amempa mgongo, na kanga yake ilikuwa haitikisiki ingawa upepo ulikuwepo. Akaanza kugeuka. Hakuwa amemaliza kugeuka Mihayo alipoamka, jasho linamtiririka.

Akamwambia fundi kwamba bado kuna kitu kibovu ndani ya injini. Hajui ni nini, lakini kipo. Akaomba injini ifunguliwe yote.

Fundi Shemdoe hakugusa spana. Aliingia ndani, akatoka na boksi, akaliweka chini miguuni pa Mihayo. Ndani yake mlikuwa na cheni ile, breki zile, taa ile na vyote alivyokwisha kuvifungua kwa amri ya ndoto. Vyote vilikuwa vizima.

"Mwanangu," alisema, "pikipiki hii ilikuwa tayari siku uliyoinunua."

Mihayo aliona haya kama mtu aliyekutwa uchi. Asubuhi yake akaondoka.

Na safari ilikuwa nyepesi. Alipita Dodoma, akapita Saranda, akaingia Itigi, na kila mahali palipomshinda ndotoni alipapita macho wazi, bila jambo. Miti ilisimama mahali pake. Upepo ulikuwa na harufu ya mvua ya kwanza. Kuna nyakati alijisahau kabisa, asijue kama ni yeye anayekwenda au ni nchi inayokuja kwake, na alifurahi kama alivyofurahi utotoni.

Alifika alasiri ya siku ya tatu. Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anabambua karanga. Aliposikia mlio aliinua uso akatabasamu, lakini hakumtazama yeye. Alitazama kando kidogo, mahali pasipo na mtu. Mihayo akazima pikipiki. Akapiga magoti mbele ya dada yake, akaanza kuomba msamaha wa miaka tisa. Nyamizi hakuwa na habari na msamaha. Alikuwa amemsamehe zamani, tangu jioni ile ile ya msiba. Aliweka karanga chini, akapapasa kipaji cha mdogo wake, nyusi zake, mashavu yaliyolowa, ndevu ambazo hakuwahi kuziona.

"Hadi Jumatano iliyopita nilikuwa nauona mlango, mdogo wangu," alisema. "Nilikuwa nakaa nautazama."

Basi wewe unayesema bado hujawa tayari kurudi, yule anayekutazamia mlangoni amebakiwa na Jumatano ngapi?